Nyama ya Ng'ombe Iliyoiva Polepole Katika Chungu cha Umeme: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Bukavu

Malalamiko yanayorudi ni yaleyale. Nyama imewekwa ndani ya chungu cha umeme cha kupika polepole (slow cooker) tangu asubuhi, na jioni inatolewa ikiwa ngumu, mchuzi ukiwa maji yaliyofunikwa na mafuta, na viazi vikiwa bado vina kiini kibichi. Mpishi hukilaumu chungu na kusema kwamba moto wake ni mdogo mno. Mara nyingi chungu hakina kosa. Ama kipande kilichonunuliwa hakikufaa kwa upishi huu, ama maji yalizidi, ama mfuniko ulifunuliwa kila saa, ama, na hili ndilo kubwa kuliko yote, nyama ilitolewa mapema kwa kudhaniwa kwamba imekwisha kukaa motoni kupita kiasi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jiko la Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, ambapo umeme hukatika, nyama huchinjwa na kuuzwa siku hiyohiyo, na maji huchemka kwenye joto la chini kidogo kuliko pwani. Mambo hayo matatu hayamo katika kijitabu kinachokuja na chungu, ingawa yote yanagusa saa za kupika.

## Vinavyohitajika

Kiasi hiki kinatosha watu sita kwa chakula cha jioni.

- Nyama ya ng'ombe ya bega, shingo au kidari, kilo 1.5, katika kipande kimoja
- Viazi mviringo, kilo 1, vya ukubwa wa wastani
- Karoti nene 4
- Vitunguu maji 3 vikubwa
- Kitunguu saumu, punje 6
- Mche mmoja wa puaro (liki) na vijiti viwili vya seleri pamoja na majani yake
- Nyanya ya kopo, vijiko vikubwa 2
- Chumvi laini, vijiko vidogo 3 visivyofura
- Pilipili manga iliyosagwa, kijiko kidogo 1
- Pilipili kali moja, nzima, isiyopasuka (kwa wanaoipenda)
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 2
- Maji moto au supu ya mifupa, mililita 250
- Unga wa mahindi laini sana au unga wa ngano, kijiko kikubwa 1, kwa ajili ya mchuzi

Vyombo ni chungu cha umeme cha lita 5 au 6, kikaango kizito, kisu kikali, na sufuria nzito yenye mfuniko itakayosubiri pembeni endapo umeme utakatika. Andaa pia mbabula na makala ya kutosha, hata kama una hakika kwamba siku hiyo umeme hautakatika.

Mafuta ya mawese hayakutajwa kwa makusudi. Ni mazuri kwa sombe na maharage, lakini hapa yatatawala rangi na ladha ya mchuzi mzima, na kazi ya saa tisa itapotea ndani yake.

## Hatua ya 1: Kikague chungu kabla ya kununua nyama

Geuza chungu na usome kibandiko kilicho chini yake. Umeme wetu ni wa volti 220, ilhali vyungu vingi vinavyoletwa kutoka Marekani, hasa vile vilivyokwisha kutumika, vimetengenezwa kwa volti 120. Ukikichomeka moja kwa moja, waya wa ndani utaungua mara moja na huenda ukawasha moto. Chungu cha namna hiyo kinahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kipande cha plastiki cha kubadilisha umbo la plagi hakipunguzi volti hata kidogo.

Ikiwa chungu ni kikuukuu, kijaribu kwa maji. Kijaze nusu, kifunike, kiweke kwenye moto mdogo kwa saa 8, kisha funua na upime haraka kwa kipimajoto cha chakula. Maji yanapaswa kuwa na joto la nyuzi 85 au zaidi kidogo. Yakiwa chini ya hapo, chungu hicho hakifai kupikia nyama, kwa sababu kitaiacha muda mrefu mno katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda.

## Hatua ya 2: Nunua kipande kinachostahili

Hapa ndipo wengi hupotea, tena kwa nia njema. Mtu anataka kuwafurahisha wageni, anakwenda soko la Nyawera au la Kadutu, na kumwomba muuza nyama ampe sehemu ya mgongoni isiyo na mafuta wala mishipa, ile ya bei ya juu. Sehemu hiyo ni nzuri sana kwa kukaangwa dakika chache. Katika chungu cha umeme itatoka kavu na yenye nyuzi kama kamba ya katani, na hakuna mchuzi utakaoiokoa.

Nyama inayofaa ni ile ambayo mnyama aliifanyisha kazi: bega, shingo, kidari, na muundi. Misuli hiyo imefungwa kwa tando nyingi nyeupe za kolajeni. Kolajeni ni ngumu ikiwa mbichi, lakini ikikaa kwa saa nyingi katika joto la nyuzi 70 na zaidi huyeyuka pole pole na kuwa jelatini, yaani ule utelezi unaoifanya midomo igandane kidogo unapokula. Ulaini wote tunaoutafuta katika chakula hiki unatoka humo. Nyama isiyo na kolajeni haina cha kuyeyusha.

Kwa hiyo kitazame kipande kabla ya kukilipia. Unataka kuona mistari ya mafuta meupe au ya manjano ikipita ndani ya nyama, na tando nyembamba kati ya misuli. Ng'ombe wengi wanaofika katika machinjio ya mji wamelishwa malishoni na wametembea sana, na baadhi yao ni wa umri mkubwa. Kolajeni ya mnyama mzee huyeyuka kwa shida zaidi kuliko ya ndama. Hilo halipunguzi thamani ya nyama, kwa kuwa ladha yake huwa nzito, ila linadai saa moja au mbili za ziada ambazo vitabu vya Ulaya havikuzihesabu.

Omba kipande kimoja kisichokatwakatwa. Wauzaji wamezoea kupiga panga na kutoa vipande vidogo vyenye mifupa, kwa hiyo sema mapema, kabla panga halijainuliwa. Kipande kizima hupoteza maji kidogo kuliko vipande vidogo, na unaweza kukikata vizuri baada ya kuiva.

## Hatua ya 3: Ipe nyama usiku mmoja

Nyama ya mnyama aliyechinjwa alfajiri ya siku hiyo mara nyingi huwa imekakamaa inapofika jikoni. Misuli hukaza saa chache baada ya mnyama kufa, na huhitaji siku moja au zaidi katika baridi kabla ya kulegea. Mwenye friji anunue nyama siku moja kabla, aikaushe kwa kitambaa safi, aipake chumvi yote pande zote, kisha aiache katika friji hadi asubuhi ndani ya bakuli lililofunikwa. Chumvi itaingia ndani badala ya kubaki juu.

Asiye na friji apake chumvi asubuhi, apike siku hiyohiyo, na akubali kuongeza saa moja ya kupika. Nyama mbichi isikae kwenye meza ya jikoni zaidi ya saa mbili.

Nyama iliyoganda isiwekwe kamwe ndani ya chungu cha umeme. Itachukua saa nyingi kuyeyuka na kupanda joto, na kwa muda huo wote vijidudu vitakuwa vinazaana. Iyeyushe kwanza katika sehemu ya chini ya friji.

## Hatua ya 4: Kaanga uso wa nyama

Ikaushe nyama tena kwa kitambaa, kwa maana uso wenye maji huchemka badala ya kukaangika. Pasha kikaango hadi mafuta yaanze kutetemeka, kisha laza kipande na ukiache bila kukigusa kwa dakika 4 au 5. Kikishikamana na kikaango, kiache bado. Kitajiachia chenyewe kikishapata rangi. Geuza na ufanye vivyo hivyo kwa kila upande, hata ncha.

Wengine husema kwamba hatua hii hufungia maji ndani ya nyama. Haifungii chochote. Kazi yake ni kuleta rangi ya kahawia na ladha ya nyama choma, ambazo hutokea kwenye joto linalozidi nyuzi 140, na chungu cha umeme hakiwezi kufika huko kwa sababu ndani yake mna unyevunyevu tupu. Umefaulu ikiwa uso wote ni wa kahawia iliyoiva na kikaango kimebakiwa na magamba meusimeusi yasiyoungua.

Magamba hayo ni mali. Toa nyama, tia vitunguu vilivyokatwa vinene ndani ya kikaango hichohicho, vikaange hadi vilegee, ongeza kitunguu saumu kilichopondwa na nyanya ya kopo, na ukoroge kwa dakika mbili hadi rangi ya nyanya iwe nzito. Mimina maji moto au supu, na ukwangue chini kwa mwiko wa mbao mpaka kikaango kiwe safi.

Bukavu wapo wanaobadilisha nusu ya maji hayo kwa kasiksi, yaani pombe ya ndizi. Utamu na uchachu wake hukubaliana sana na nyama ya ng'ombe, mradi isiwe kasiksi iliyochacha kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Panga chungu

Viazi na karoti huwekwa chini, nyama juu yake. Jambo hili huwashangaza waliozoea sufuria, lakini katika chungu cha umeme mboga ngumu huiva polepole kuliko nyama, na joto hutoka kwenye kuta na chini. Viazi vikielea juu vitabaki vibichi katikati. Kata kila kiazi vipande viwili tu, na karoti vipande vya urefu wa kidole gumba, kwa kuwa vipande vidogo vitageuka uji ifikapo jioni.

Juu ya mboga weka puaro na seleri, kisha nyama, upande wenye mafuta ukiwa juu. Nyunyiza pilipili manga. Mimina mchanganyiko wa vitunguu pembeni na juu ya nyama. Pilipili kali iwekwe nzima na isiguswe hadi mwisho. Ikipasuka, watoto hawatakula.

Usiongeze maji. Mililita 250 zinaonekana chache, na mkono utakuwasha uongeze kikombe kingine, lakini mvuke hauna pa kutokea, na nyama yenyewe itatoa maji mengi. Nyama haipaswi kuzama. Chungu kiwe kimejaa zaidi ya nusu na kisizidi robo tatu.

Kwa kuwa swali hili huulizwa sana: hapana, usitupie humo maharage mabichi ili yaive pamoja. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwa nguvu, na joto la chungu cha umeme linaweza lisiiondoe. Yachemshe kwanza kwenye mbabula hadi yaive.

## Hatua ya 6: Pika, na uuache mfuniko mahali pake

Washa moto mdogo na uhesabu saa 9 hadi 10. Moto mkubwa huchukua saa 6 hadi 7. Katika vyungu vingi, moto mdogo na moto mkubwa hufika karibu joto lilelile mwishoni. Tofauti ni kasi ya kufika huko. Kwa nyama ya mnyama aliyekomaa, moto mdogo hutoa matokeo bora. Ukianza saa tatu asubuhi, nyama itakuwa tayari kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni.

Saa hizi ni nyingi kuliko zile za kijitabu kwa sababu ya mahali tulipo. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya mji imepanda juu zaidi mlimani. Kwenye mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mchuzi hauwezi kupita joto hilo, hata chungu kiwe kipya namna gani, kwa hiyo upungufu wa joto hulipwa kwa muda.

Kila unapofunua mfuniko, joto na mvuke hutoka, na chungu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuvirudisha. Atakayefunua mara nne kuonja amejinyima karibu saa mbili za kupika. Vyungu vingi vina mfuniko wa kioo. Tazama kupitia hapo.

Sasa lile kosa kubwa. Nyama inapofika nyuzi 60 na zaidi, nyuzi zake hujikunja na kukamua maji nje, ilhali kolajeni bado haijayeyuka. Katika kipindi hicho nyama ni ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzoni, na hali hiyo inaweza kudumu kwa saa kadhaa. Mpishi anayechoma uma baada ya saa tano anakuta ugumu, anadhani amepitiliza, na kuitoa. Kumbe ilikuwa imebakiza saa nne au tano tu kuachia. Katika upishi huu, nyama ngumu ambayo bado imejikaza ni nyama isiyoiva. Dawa yake ni kufunika na kusubiri.

## Umeme ukikatika

Jibu linategemea jambo moja: ulikuwepo nyumbani au hukuwepo.

Ukiwepo, usifunue kwa nusu saa ya kwanza, kwa kuwa chungu kizito huhifadhi joto vizuri. Umeme usiporudi, hamishia kila kitu ndani ya sufuria nzito na uiweke juu ya mbabula. Usiweke bakuli la udongo la chungu cha umeme juu ya makala, hata kwa dakika moja; litapasuka, na chakula chote kitaishia kwenye majivu.

Kwenye mbabula ongeza mililita 250 za maji moto, kwa kuwa hapa mvuke hutoroka. Acha makala yashike vizuri, kisha yapunguze na uyafunike kwa majivu hadi mchuzi utoe povu moja moja kwa utulivu. Ukiuona unatokota kwa nguvu, toa makala mawili matatu. Kuchemka kwa fujo hukaza nyama na kuvunja viazi. Kagua maji kila nusu saa. Anayepika kwa mbabula tangu mwanzo atahitaji saa 4 hadi 5, na viazi atavitia saa moja kabla ya mwisho.

Mbabula ikae uani au mahali penye hewa inayopita. Moshi wa makala una gesi isiyo na harufu inayoua, na kulala ndani ya nyumba iliyofungwa na mbabula inayowaka kumekwisha kuziangamiza familia nzima.

Ikiwa hukuwepo, na unarudi jioni kukuta chungu ni cha uvuguvugu au saa yake inamweka kukuonyesha kwamba umeme ulikatika bila wewe kujua ni kwa muda gani, chakula hicho kitupwe, hata kama kinanukia vizuri. Ni hasara inayouma, na ndiyo sababu ninapendekeza kupika siku ya Jumapili au siku nyingine ambayo kuna mtu mzima nyumbani.

## Hatua ya 7: Jua kwamba imeiva

Baada ya saa 9, funua mara moja tu. Choma uma katikati ya kipande na uuzungushe. Nyama iliyoiva huachana kwa urahisi, na uma hutoka bila kuinua kipande. Tando nyeupe zitakuwa zimekuwa angavu na zenye utelezi. Mwenye kipimajoto atasoma nyuzi 90 hadi 93, lakini uma ndio hakimu. Uma ukishikwa, funika na uongeze saa nzima. Dakika 10 hazitabadilisha kitu.

Inawezekana pia kupitiliza. Nyama inayosambaratika kuwa nyuzi kavu ukijaribu tu kuiinua imekaa mno. Haifai kukatwa vipande tena, lakini ukiichambua na kuichanganya na mchuzi wake mzito, italiwa vizuri na bugali.

## Hatua ya 8: Pumzisha, kaza mchuzi, kata

Hamishia nyama kwenye sinia, ifunike, na uiache kwa dakika 15 hadi 20. Ikikatwa ikiwa ya moto sana, maji yatatiririka kwenye ubao na vipande vitavunjika.

Wakati huohuo toa mboga, kisha chota mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi. Mimina mchuzi katika sufuria na uuchemshe bila mfuniko hadi upungue kwa theluthi moja. Ukitaka uwe mzito zaidi, koroga ule unga katika maji baridi kidogo, hakikisha hakuna madonge, umimine taratibu huku ukikoroga, na uache uchemke kwa dakika tano ili ladha ya unga mbichi iishe. Onja chumvi sasa. Mchuzi ulio tayari hufunika mgongo wa kijiko na kuacha mstari ukipitisha kidole.

Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzivuka, vipande vya unene wa kidole. Ukikata kwa kufuata nyuzi, hata nyama iliyoiva vyema itatafunwa kwa taabu. Panga vipande juu ya viazi na karoti, mimina mchuzi, na uweke pembeni bugali au wali kwa wale ambao hawahesabu viazi kuwa chakula.

## Kilichobaki

Kiweke kwenye friji ndani ya saa mbili, katika vyombo vya kina kifupi ili kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku tatu. Kesho yake huwa kitamu zaidi, na mafuta yaliyoganda juu huondolewa kwa kijiko bila shida.

Asiye na friji apike kilo moja au pungufu, aongeze viazi ili chungu kijae zaidi ya nusu, na chakula kiishe usiku huohuo. Kuchemsha tena asubuhi chakula kilicholala mezani huua vijidudu vingi, lakini hakuondoi sumu ambazo baadhi yao huwa zimekwisha kuachwa ndani ya mchuzi.

Kupasha moto kufanyike katika sufuria juu ya mbabula au jiko hadi mchuzi uchemke kabisa. Chungu cha umeme ni cha polepole mno kwa kazi hiyo. Kitumike tu baadaye, kwa kukiweka chakula kikiwa moto hadi wa mwisho afike nyumbani.